Ajizi ni Nyumba ya Njaa: Mhitimu wa Kiswahili na Mikakati ya Kutafuta Ajira Nchini Kenya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza hali ya mhitimu wa shahada ya Kiswahili anapotoka chuoni na kuingia katika soko la ajira nchini Kenya. Yanashikilia kwamba hadhi ambayo Kiswahili kimepata kikatiba na kimataifa haimwajiri mtu. Kinachomwajiri mhitimu ni kazi mahususi anayoiweza, taasisi inayoihitaji kazi hiyo, na ushahidi kwamba anaiweza. Makala yanaanza kwa kutofautisha hadhi ya lugha na nafasi ya kazi, yanapitia methali tatu ambazo husomwa visivyo na watafutaji kazi, yanachora ramani fupi ya nyanja za ajira, kisha yanapendekeza mikakati ambayo mwanafunzi anaweza kuianza akiwa bado chuoni.

1. Utangulizi

Baada ya mahafali, joho hurudishwa na picha hutundikwa ukutani. Wiki chache baadaye maswali huanza. Jirani huuliza, "Sasa umepelekwa wapi?" kana kwamba kila aliyefuzu hupelekwa mahali fulani. Mjomba huongeza lake: "Ulisomea Kiswahili? Si sote tunakizungumza?" Mzazi aliyeuza ng'ombe au kukopa katika chama cha akiba ili mwanawe asome hasemi neno, na kimya chake huumiza kuliko maswali yote.

Swali la mjomba halistahili kupuuzwa. Mkenya wa kawaida hukizungumza Kiswahili sokoni, matatuni na kanisani au msikitini, na kwa hiyo haoni ni ujuzi gani wa ziada alio nao mtu aliyekisomea kwa miaka minne. Mhitimu asiyeweza kulijibu swali hilo kwa sentensi mbili zilizo wazi hataweza kumjibu mwajiri pia. Kutembea na kuandika kunaweza kukuza stadi, lakini stadi hiyo ikikosa kuelezwa haitambuliki. Kwa hiyo utafutaji wa ajira kwa mhitimu wa Kiswahili huanza kwa kueleza anachokijua ambacho msemaji wa kawaida hakijui.

2. Hadhi ya Lugha na Nafasi ya Kazi

Kihistoria, Kiswahili kimepiga hatua kubwa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 7, ilikitangaza kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 120 kinakitambua kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, sambamba na Kiingereza na Lugha Ishara ya Kenya. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza shughuli zake Zanzibar mwaka wa 2015. Mnamo Novemba 2021, UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mnamo Februari 2022, Umoja wa Afrika ulikiidhinisha kuwa lugha yake ya kazi. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo imepanuka: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga mwaka wa 2022 na Somalia mwaka wa 2024, na hivyo kufikisha idadi ya wanachama kuwa nchi nane.

Haya yote hutajwa kwa fahari katika makongamano. Hata hivyo, mwanafunzi anapaswa kuyasoma kwa jicho la pili. Tangazo linaitambua lugha, wala halimwandikii mtu barua ya ajira. Kamisheni moja yenye ofisi moja huajiri watu wachache. Siku ya kimataifa huadhimishwa kwa hotuba na ngonjera, kisha viti hukusanywa. Mhitimu anayesubiri hadhi ya Kiswahili igeuke mshahara atasubiri sana.

Hata hivyo, matangazo hayo yana manufaa kwa anayejua kuyatumia. Kila tangazo huzaa majukumu, na kila jukumu huhitaji mtu wa kulitekeleza. Bunge linapotumia Kiswahili, hotuba hunakiliwa neno kwa neno katika taarifa rasmi za vikao, na mnakili asiyeijua sarufi hupotosha kauli ya mbunge. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha inayotumika mahakamani, kwa hiyo ukalimani ni hitaji la haki. Mwanafunzi ajizoeze kuuliza maswali matatu kila asikiapo habari njema kuhusu Kiswahili: Ni kazi gani itakayofanywa? Nani atailipia? Ni ushahidi gani utakaoonyesha kwamba fulani anaiweza? Pasipo majibu ya maswali hayo, habari hiyo bado ni habari tu.

3. Methali Tatu Zinazosomwa Visivyo

Jamii ya Waswahili imehifadhi falsafa yake ya kazi katika methali. Baadhi yazo hugeuzwa na watafutaji kazi kuwa kisingizio.

Ya kwanza ni Subira yavuta heri. Wengi huichukulia methali hii kuwa ruhusa ya kuketi. Kitenzi chake ni kuvuta, nako kuvuta ni kutenda. Mvuvi huvuta nyavu, naye hatoki jasho kwa kulala. Subira inayosifiwa hapa ni ya mtu ambaye mikono yake imeshika kamba na anaendelea kuvuta ingawa samaki hajaonekana. Asiyeshika kamba yoyote ana ajizi, na wahenga walikwisha sema kwamba ajizi ni nyumba ya njaa.

Ya pili ni Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii humwonya mlaghai anayesifia bidhaa mbovu. Lakini mhitimu mnyenyekevu huielewa kwamba akiwa hodari, mwajiri atamjia mlangoni. Hata chungu kizuri hupelekwa gulioni kikaonekana, na kisipotolewa ndani ya nyumba ya mfinyanzi hakitanunuliwa. Kujitambulisha kwa adabu na kwa ushahidi si kujitembeza.

Ya tatu ni Mkono mtupu haulambwi. Hii ndiyo hatari kuliko zote, kwa kuwa hutumiwa kuhalalisha hongo. Mhitimu huambiwa kwamba pasipo bahasha hakuna kazi, naye huanza kutafuta fedha badala ya kutafuta ajira. Yapo maeneo ambamo upendeleo umekita mizizi, na kulikana hilo ni kujidanganya. Lakini anayenunua nafasi hana stakabadhi wala pa kulalamikia. Mara nyingi fedha za familia huishia mikononi mwa mtu asiye na nafasi yoyote ya kutoa. Mkono wa mhitimu hauna budi kuwa na kitu, na kitu hicho ni kazi yake.

4. Ramani ya Kazi

4.1 Ualimu

Wahitimu wengi wa Kiswahili ni walimu kwa taaluma. Tume ya Huduma za Walimu, iliyoanzishwa mwaka wa 1967, ndiyo husajili na kuajiri walimu wa shule za umma. Mwalimu wa shule ya upili hutakiwa kuwa na masomo mawili ya kufundishia, na alama ya C+ au zaidi katika mtihani wa kidato cha nne, kwa jumla na katika masomo hayo mawili. Mwenye shahada ya sanaa bila mafunzo ya ualimu hulazimika kusomea stashahada ya uzamili katika elimu. Mwanafunzi ayahakikishe mambo haya katika mwaka wa kwanza, kwa sababu kuyagundua baada ya kufuzu ni msiba.

Ukweli mchungu ni kwamba walimu waliosajiliwa na wasioajiriwa ni maelfu mengi, ilhali shule nazo hulalamikia uhaba wa walimu. Pengo hilo linatokana na bajeti, wala si uvivu wa wahitimu. Kwa hiyo walimu wengi huanza kwa kuajiriwa na halmashauri za shule, katika shule za kibinafsi, au kama wanagenzi chini ya mpango ambao Tume iliuanza mwaka wa 2019. Malipo ni haba. Hata hivyo, mwalimu anayeitumia nafasi hiyo kutunga mitihani, kuongoza chama cha Kiswahili na kuandaa wanafunzi kwa tamasha za muziki na drama hutoka hapo akiwa na rekodi inayosomeka.

4.2 Uchapishaji

Kila mtaala mpya huhitaji vitabu vipya. Mtaala wa Umilisi ulipolifikisha kundi lake la kwanza katika Gredi ya 7 mwaka wa 2023, wachapishaji walikuwa wameshatayarisha miswada na kuiwasilisha kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ili itathminiwe. Nyuma ya kila kitabu kuna mwandishi, mhariri, msomaji prufu, mhakiki na mtunzi wa mwongozo wa mwalimu. Mhitimu mara nyingi huingia kupitia kazi ya kusoma prufu, inayohitaji jicho kali: kuona kwamba "hawa watoto" na "watoto hawa" havina msisitizo mmoja, au kwamba upatanisho wa nomino "makala" umebadilika kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine.

4.3 Vyombo vya habari

Kenya ina gazeti la kila siku la Kiswahili, Taifa Leo, na vituo vingi vya redio na televisheni vinavyotangaza kwa Kiswahili. Nje ya mipaka kuna idhaa za miaka mingi kama vile ya BBC, iliyoanza mwaka wa 1957, na ya Ujerumani, DW, iliyoanza mwaka wa 1963. Vyombo hivi haviajiri sarufi pekee. Vinatafuta mtu anayeweza kuiona habari, kuithibitisha na kuiandika kwa muda mfupi. Mhitimu asiyewahi kuandika hata habari moja ya maneno mia mbili kuhusu mtaa wake hana cha kuonyesha huko.

4.4 Tafsiri na ukalimani

Mashirika ya afya, benki, kampuni za simu na mashirika ya misaada hutoa maelezo kwa Kiswahili. Janga la korona la mwaka wa 2020 lilionyesha uzito wa kazi hii. Ghafla kukahitajika maneno ya kueleza mambo ambayo wengi hawakuwa wakiyataja, na neno barakoa likaenea nchini kote kwa muda mfupi. Tafsiri mbovu ya maelezo ya dawa huweza kudhuru mwili wa mtu. Anayetaka kazi hii achague uwanja mmoja, uwe afya, sheria, kilimo au fedha, na kujifunza istilahi zake. Mfasiri wa kila kitu hushindana na kila mtu.

4.5 Kufundisha wageni

Kufundisha Kiswahili kwa mgeni ni stadi tofauti na kukifundisha kwa Mkenya. Mwanafunzi wa Kenya huulizwa ngeli ya neno. Mgeni huuliza kwa nini husemwa "kitabu changu" lakini "gari langu", naye hutaka jibu atakaloweza kulitumia jioni hiyo hiyo katika mazungumzo. Wapo wahitimu wanaowafundisha wamishonari, watafiti na wafanyakazi wa mashirika jijini Nairobi na Pwani, na wengine hufundisha kupitia mtandao. Kwa miaka mingi, mpango wa Fulbright umewapeleka vijana wa Afrika Mashariki kufundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya Marekani. Anayelenga huko aanze kwa kumfundisha mgeni mmoja na kuweka kumbukumbu ya kila somo.

4.6 Teknolojia

Programu za kutafsiri kwa mashine zimewatia hofu wafasiri wengi, na hofu hiyo ina sababu. Baadhi ya kazi nyepesi zimechukuliwa. Lakini mashine bado hukosea katika upatanisho wa kisarufi, huchanganya maana za maneno yenye maana nyingi na hutafsiri methali sisisi. Kazi inayokua ni ya kuirekebisha tafsiri ya mashine, kukusanya sauti na matini, na kupima ubora wake. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, kwa mfano, umekusanya sauti za wasemaji wa Kiswahili kwa ajili ya programu za kutambua usemi. Mhitimu anayejua fonolojia na lahaja ana mchango ambao mwanakompyuta peke yake hana.

5. Mikakati ya Utafutaji

5.1 Kuanza kabla ya mahafali

Mwaka wa nne si mwanzo wa kutafuta kazi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayehariri jarida la chama, anayetafsiri ilani za zahanati ya karibu au anayeandaa kipindi cha redio ya chuo anajenga ushahidi wakati kosa lake halimgharimu mtu mlo. Mazoezi ya kufundisha na mafunzo ya nyanjani yasichukuliwe kama sharti la kupata alama. Mwalimu mkuu aliyeona kazi njema huwa mrejelewa anayesema mambo mahususi, na maneno yake hupita cheti.

5.2 Kujua majira

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Lakini mgaagaa hodari hatembei ufuoni saa yoyote ile. Hungoja maji yakupwe, maana ndipo chaza na kaa huonekana. Ajira nazo zina kupwa na kujaa. Shule hutafuta walimu wa muda kabla ya muhula kufunguliwa na mwalimu anapokwenda likizo ya uzazi. Wachapishaji huhitaji wasomaji prufu wengi karibu na makataa ya kuwasilisha miswada. Uchaguzi mkuu hufanyika kila baada ya miaka mitano, na elimu ya mpigakura huhitaji maandishi kwa lugha inayoeleweka. Mtafutaji aandae kalenda ya mwaka, aandike majira ya kila nyanja, na kubisha hodi mwezi mmoja kabla.

5.3 Kuandaa jalada la kazi

Badala ya vyeti pekee, mhitimu awe na jalada la kazi tano au sita: ukurasa aliouhariri ukionyesha ulivyokuwa kabla na baada, tafsiri ya kurasa mbili pamoja na matini asilia, makala iliyochapishwa, mpango wa somo na sauti iliyorekodiwa. Kila kazi iandamane na maelezo ya mistari mitatu: ilihitajiwa na nani, ugumu ulikuwa wapi, na ulitatuliwa vipi. Jalada hili ndilo jibu la swali la mjomba. Linaonyesha kwa macho tofauti kati ya kukizungumza Kiswahili na kukijua.

5.4 Barua na wasifukazi

Ni aibu kwa mtaalamu wa lugha kuandika barua yenye makosa ya lugha, lakini hutokea. Barua iandikwe kwa lugha ya tangazo, isipokuwa tangazo liseme vinginevyo. Mstari wa KUH: utaje kazi na nambari ya tangazo. Aya ya kwanza ieleze kazi inayoombwa, ya pili itoe ushahidi, na ya tatu ionyeshe kwamba mwombaji ameifahamu taasisi hiyo. Barua isipite ukurasa mmoja.

Linganisha kauli hizi mbili. "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na ninaweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Kauli hii haimtofautishi mwandishi wake na waombaji wengine mia moja. "Katika mwaka wangu wa tatu nilihariri makala tisa za jarida la chama chetu na kuandaa mwongozo wa kurasa nne wa tahajia ambao wahariri wenzangu waliutumia." Kauli ya pili haina kivumishi hata kimoja cha kujisifu, nayo inasadikika. Wasifukazi nao ufuate kanuni hiyo hiyo. Warejelewa waombwe idhini kabla majina yao hayajaandikwa, na wajulishwe kila maombi yanapotumwa.

5.5 Mahojiano

Katika taasisi za lugha, mahojiano mara nyingi huwa na jaribio: ukurasa wenye makosa ya kusahihisha, aya ya kutafsiri kwa muda maalumu, au taarifa ya kusoma kwa sauti. Mtahiniwa ajizoeze akiwa na saa mbele yake. Akiulizwa asilolijua, aseme hivyo na aeleze angelitafuta wapi, kwa kuwa mhariri anayekisia ni hatari kuliko mhariri anayefungua kamusi. Swali la mshahara lisimshtue. Aulize mapema wenzake walio kazini ili ajue kiwango cha kawaida.

5.6 Kujiunga na wenzake na kujiajiri

Bandu bandu huisha gogo, na gogo huisha upesi wabandua wakiwa wengi. Wahitimu wanne au watano wanaweza kusajili biashara ya uhariri na tafsiri, mmoja akishika sheria, mwingine afya, mwingine hesabu za fedha. Tangu mwaka wa 2013, serikali ya Kenya imetenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kundi lililosajiliwa linaweza kushindania kazi hizo. Tahadhari ni kwamba malipo ya zabuni huweza kuchelewa. Kundi lisikope mtaji kwa kutegemea hundi ambayo haijatoka. Vyama kama CHAKITA na kile cha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, CHAWAKAMA, huwakutanisha vijana na wahariri, wahadhiri na watangazaji. Anayewasilisha makala katika kongamano hujulikana kwa kazi yake. Huko ndiko kujuana kunakofaa.

5.7 Stakabadhi, sheria na ulaghai

Kwa miaka mingi vijana walidaiwa vyeti vya maadili mema, vya ulipaji ushuru na vya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu kabla hata ya kuitwa kwa mahojiano, na wengine walikopa nauli na ada ili kuvipata. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2022 yalimkataza mwajiri kudai vyeti hivyo isipokuwa anapokusudia kumpa mtu mkataba wa maandishi. Mtafutaji aijue haki hii na kuitaja kwa upole.

Mkopo wa elimu nao haumsahau mtu. Urejeshaji huanza mwaka mmoja baada ya masomo, na anayeshindwa kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Mhitimu asiye na kazi asijifiche. Aiandikie bodi mapema, aeleze hali yake na kuhifadhi nakala ya barua hiyo.

Kuhusu ulaghai, kanuni ni moja: kazi humlipa mtu, si mtu kuilipia kazi. Anayedai "ada ya fomu" kwa njia ya simu, anayetoa barua ya ajira bila mahojiano, au anayeahidi kazi Ghuba kwa wiki mbili, achunguzwe. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016, husajili mawakala wa ajira, na wakala asiyeorodheshwa aepukwe hata kama maneno yake ni matamu kama asali.

6. Kustahimili Kukataliwa

Mikakati haiwezi kuumba nafasi ambazo uchumi haujaziumba. Ni dhuluma kumwambia kijana aliyetuma barua hamsini kwamba amekosa bidii. Serikali ina wajibu wa kuajiri walimu ambao shule zinawahitaji, nazo idara za Kiswahili zina wajibu wa kufundisha uhariri, tafsiri na stadi za kompyuta pamoja na nadharia za isimu na fasihi. Wajibu huo udaiwe kwa sauti.

Lakini mhitimu anaishi leo, na kinachomwangamiza wengi wao ni aibu zaidi ya kukosa fedha. Huacha kupokea simu za wenzake, huepuka harusi na mazishi, hulala hadi adhuhuri ili siku iwe fupi. Dawa moja ni kupima siku kwa jambo lililo mikononi mwake. Jibu la mwajiri hana uwezo nalo, ila idadi ya barua zilizoandikwa vizuri, kurasa zilizotafsiriwa na watu waliotembelewa ni yake. Akilenga barua mbili nzuri na kurasa tano za tafsiri kwa wiki, jioni ya Ijumaa ana la kuhesabu, hata kama simu haikulia.

Dawa ya pili ni kuuliza. Anayekataliwa aandike mistari mitatu ya shukrani na kuomba kuelezwa udhaifu wake. Wengi hawatajibu, lakini jibu moja la kweli lina thamani kuliko kimya cha mwaka mzima. Dawa ya tatu ni kibarua. Kuuza mitumba, kulima au kuendesha bodaboda wakati wa kutafuta si kuanguka kwa msomi. Kunampa nauli ya kwenda mahojiano na kumwondolea njaa inayomfanya mtu akubali mkataba wowote. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi huunda koleo jingine, kwa moto ule ule.

7. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mhitimu wa Kiswahili nchini Kenya yumo katika hali mbili kwa wakati mmoja: lugha yake imepanda hadhi, naye hana uhakika wa kazi. Daraja kati ya hali hizo mbili hujengwa kwa kazi mahususi, kwa majira yanayojulikana, kwa jalada la ushahidi na kwa ushirikiano wa wenzake. Halijengwi kwa siku moja, na baadhi ya mbao zake zimo mikononi mwa serikali na vyuo. Hata hivyo, ubao wa kwanza umo mikononi mwa mwanafunzi, na anaweza kuuweka wiki hii, kabla ya mtihani na kabla ya joho. Siku mjomba atakapouliza tena, mhitimu asikasirike. Amwekee mezani kurasa mbili, ya kabla na ya baada, na kumwomba azisome.

Maswali ya Kujadili Chamani

1. Eleza kwa sentensi mbili anachokijua mhitimu wa Kiswahili ambacho msemaji wa kawaida hakijui. Toa mfano mmoja wa kisarufi na mmoja wa kimatumizi.

2. Chagua tangazo moja kuhusu hadhi ya Kiswahili, kisha ujibu maswali matatu yaliyotolewa katika sehemu ya 2.

3. "Methali za Kiswahili humfundisha kijana kungoja." Jadili ukirejelea methali tatu ambazo hazikutajwa katika makala haya.

4. Katika vikundi vya watu watano, andaeni kalenda ya majira ya ajira kwa nyanja moja, na muonyeshe kazi ambayo kila mwanakikundi ataianza muhula huu.